Mbuzi Wawili wa Kumuaga Mama Aziza

Alhamisi jioni, mwisho wa Oktoba. Asubuhi baridi, mchana jua kali, na sasa rasharasha inagonga mabati. Nimekaa nyumbani Kawangware, miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, na ingawa nimeosha nywele mara mbili bado nanuka moshi wa kuni.

Shule imefungwa. Jana nilidhani leo ningeandika ukurasa wa furaha, wenye picha nyingi.

Picha zipo. Na furaha ilikuwepo, sitaki kudanganya. Lakini kuna jambo jingine limekuja pamoja nayo, na nisipoliandika leo nitaanza kulipamba. Najijua.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Gredi ya Sita katika shule moja ya umma kule Kibera, upande wa Sarang'ombe. Watoto huniita Madam Nekesa. Walimu wenzangu huniita "chairlady" nikiwa nimetoka chumba cha walimu, na hawanisifu. Napenda mambo yapangwe. Mtu akiniambia "tutaona siku hiyo ikifika" kichwa kinaanza kuniuma hapo hapo. Kwa hivyo kila mwaka, ikifika siku ya kufunga shule, mimi ndiye ninayetembea na daftari, nikiweka alama ya vema kwenye kila kitu kilichokwisha kufanyika.

Siku yenyewe huwa haibadiliki sana. Watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, wanavaa majoho ya mahafali yanayoburura chini, wazazi wanawavisha shingoni mapambo ya karatasi za kumetameta mpaka mtoto haonekani uso. Zawadi zinatolewa. Gredi ya Sita wanaimba, wanalia kidogo, wanajifanya hawakulia. Kisha kila mtu anakula pilau.

Mwaka huu kulikuwa na jambo la tano. Mama Aziza alikuwa anastaafu.

Mama Aziza ndiye mpishi wetu. Ni Mnubi, Mwislamu wa Makina, mtaa wa humo humo Kibera; alizaliwa Kibera, baba yake alizaliwa Kibera, na alianza kupika pale shuleni kabla mimi sijajua hata kushika chaki. Githeri ya mahindi na maharagwe kwa watoto kila siku ya masomo, pilau kila siku ya kufunga. Ana sauti inayosikika hadi barabarani. Mtoto akiondoka na kijiko, anaitwa kwa jina lake kamili na la babu yake. Siku hizi magoti yamemchosha, anashuka ngazi ya jikoni akiwa ameshika ukuta, na mwezi wa tisa alituambia kwamba basi, mwaka huu anamaliza.

Wazo lilikuwa langu. Nilisimama kwenye mkutano wa walimu nikasema: mwaka huu Mama Aziza asiguse mwiko. Aketi mbele, katikati, kama mgeni wa heshima, na sisi tumpikie yeye. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akauliza nani atapika pilau ya shule nzima. Wote wakainamia madaftari yao. Nikasema mimi.

Mimi, mtoto wa Bungoma, niliyekulia ugali na mrenda. Pilau yangu kabla ya hapo ilikuwa wali uliochafuliwa.

Basi Jumamosi tatu mfululizo nilikwenda Makina kwa Mama Aziza kufundishwa. Alikaa kwenye mkeka, mimi nikakaa mbele ya jiko. Ukikaanga kitunguu haraka anakuambia punguza moto. Ukifunua sufuria kabla ya wakati anakupiga mkono. "Mwalimu, unapika kama unasahihisha mitihani," aliniambia Jumamosi ya kwanza. "Kitunguu hakijakosea, ni wewe una haraka." Jumamosi ya tatu alionja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema naweza kujaribu. Niliandika kila neno lake kwenye daftari: kiasi cha mchele, kiasi cha maji, kitunguu kiwe rangi gani, bizari iingie lini. Kurasa nne nzima.

Hizo kurasa nne hazikusema lolote kuhusu nani achinje.

Na mimi sikuuliza. Hapa ndipo nataka nijieleze, ingawa najua kujieleza si kujitetea. Sisi watu wa Nairobi tunanunua nyama buchani, na nyama ya bucha karibu yote huchinjwa machinjioni na Waislamu, kusudi kila mteja aweze kula. Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mnubi, wote tunasimama kwenye dirisha moja, tunapimiwa kutoka paja moja. Imekuwa hivyo tangu nizaliwe. Kwa hivyo swali hilo halijawahi kunijia kichwani, kwa sababu kuna mtu mwingine alikuwa ameshalijibu kabla nyama haijafika kwangu.

Lakini mwaka huu hatukwenda buchani. Mzazi mmoja anayefuga kule Kiserian alitutolea mbuzi wawili, wazima, wanono. Walifika jana jioni wakafungwa nyuma ya stoo, na watoto wakashindwa kabisa kutulia. Mzee Barasa, mlinzi wetu wa geti, akanijia akisugua mikono. "Madamu, hiyo kazi niachie mimi. Alfajiri mapema utapata nyama tayari." Nikamshukuru. Nikafungua daftari, nikaandika "mbuzi – Barasa", nikaweka alama ya vema.

Nililala vizuri sana.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa jikoni pamoja na Mwalimu Achieng, wa Gredi ya Nne, rafiki yangu. Nyama ilikuwa imekatwa vizuri, imepangwa kwenye karai. Tuliwasha kuni, tukabandika sufuria mbili kubwa, nyama ikaanza kuchemka na tangawizi na kitunguu saumu. Kufikia saa tatu harufu ilikuwa imeshafika darasani kwa PP1. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilijiona nimefaulu hata kabla ya mchele kuingia.

Saa tatu walimu wanakunywa chai. Mzee Barasa akaja kuchukua kikombe chake, akasimama mlangoni mwa jiko akiitazama kazi yake.

"Hao mbuzi walikuwa na mafuta, Madamu," alisema. "Mimi kabla sijachinja niliomba kabisa. Nikasema kwa jina la Yesu, baraka ziwe kwa shule yote, kwa watoto yote, hata kwa Mama Aziza."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Akanywa chai yake.

Mwiko ulinisimama mkononi. Nilimtazama Achieng, naye alinitazama, na nikaona kwamba wote wawili tumefika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Barasa akaondoka na kikombe chake. Nyama ilikuwa inachemka tu.

"Mama Aziza hawezi kula hii," nikasema.

"Nekesa, tulia." Achieng alikwenda akafunga mlango. "Nani atajua? Hatukufanya makusudi. Tukiongea sasa ni kuharibu siku ya kila mtu. Yeye akule, afurahi, aende nyumbani. Hiyo stori iishie hapa jikoni."

Sitamlaumu Achieng. Alisema kwa sauti kile ambacho mimi nilikuwa nimeshakianza moyoni. Niliwaza darasa langu, ambamo Waislamu peke yao ni tisa. Niliwaza akina mama wa Makina watakaokuja na leso zao nzuri. Niliwaza mwalimu mkuu, na mkutano wa walimu, na jinsi nitakavyoitwa chairlady mbele ya uso wangu kuanzia leo. Niliwaza zile Jumamosi tatu.

Nikatia mchele.

Hilo ndilo nililokuja kuandika hapa. Saa tatu mchele ulikuwa bado kwenye gunia. Saa tatu ningeweza kusimama, nikasema jamani subirini, na sufuria moja ikapikwa bila nyama, na watu wakacheka, na siku ikaendelea. Nilikuwa najua, na nikautia mchele kwenye sufuria zote mbili.

Sherehe ilianza saa nne. Jua likatoka, likawapiga wazazi chini ya hema tulilokodi. Watoto wa PP2 waliingia kwa mwendo wa pole kama walivyofundishwa, isipokuwa mmoja aliyekanyaga joho lake akaanguka, akainuka akaendelea kuwapungia watu mkono. Mama Aziza alikuwa mbele, katikati, amejifunga gurbaba ya Kinubi ya rangi ya zambarau ambayo sikuwahi kumwona nayo, hina mpya mikononi. Shingoni walimvisha pambo kubwa la kumetameta kuliko yote. Kila mtoto aliyepita alimgusa goti.

Aliponiona nikipita na jagi la maji akanivuta. "Mwalimu, mimi leo sijanywa hata chai," akaninong'oneza. "Nimeacha nafasi yote ya pilau yako."

Nikacheka. Naandika tena ili nisisahau: nikacheka, nikampigapiga bega, nikaondoka.

Nilikwenda nyuma ya choo cha walimu nikasimama pale nimeegemea ukuta. Nilijaribu kujiambia kwamba asiyejua hana dhambi, kwamba Mungu anajua, kwamba pilau ni pilau. Lakini nilikuwa nimekaa sebuleni kwake Jumamosi tatu. Nilimwona akiosha mchele maji saba. Nilimwona akisema bismillahi kabla hata ya kumenya kitunguu. Ningemtazama vipi akipeleka mkono mdomoni?

Saa sita nilimwendea pale alipoketi. Zawadi za Gredi ya Tano zilikuwa zinatolewa, watu wanapiga vigelegele, hakuna aliyetuangalia. Nilichuchumaa kando ya kiti chake.

"Mama, mbuzi wa leo walichinjwa na Mzee Barasa."

"Barasa yupi?"

"Wa geti."

Aliendelea kutazama mbele, kwa mtoto aliyekuwa anapokea kamusi. Kisha tabasamu likaondoka usoni kwake taratibu.

"Basi siwezi kula," alisema. Alisema kwa upole sana, kama mtu anayekataa kikombe cha pili. "Na watoto wa Makina? Mmewapikia kitu?"

"Hapana, Mama. Yeye mwenyewe Barasa ndiye ameniambia. Nimechanganyikiwa. Naomba unisamehe."

Angalieni nilivyolisema. Barasa ndiye ameniambia. Kila neno ni la kweli, na yote kwa pamoja ni uongo. Sikusema lini.

Mama Aziza alishika mikono ya kiti akainuka. "Kwa stoo mchele umebaki?"

"Umebaki."

"Sufuria ya uji mmeigusa?"

"Hatujaigusa."

"Tuma mtu kwa mama mboga alete viazi na hoho. Tunapika njeri."

Pilau njeri, kama hujui, ni pilau isiyo na nyama, ile ya mtu aliyefika mwisho wa mwezi. Nikamwambia haendi jikoni, leo ni siku yake, tulikubaliana. Akaniangalia. "Nani atapika? Wewe?" Na hata katika hali ile akacheka kidogo. Tukaafikiana kwamba yeye atakaa kwenye kibao na kuniamrisha, mimi ndiye nitashika mwiko. Akalivua lile pambo la shingoni, akaliweka juu ya kiti chake, tukaondoka.

Njiani nilimnong'oneza mwalimu mkuu. Sikumwambia sababu. Nilisema tu, "Chakula kitachelewa kidogo, jaza muda." Akaitikia kwa kichwa, amezoea amri zangu.

Jiko letu liko nyuma kabisa, baada ya madarasa yote, karibu na ukuta. Mzee Barasa alikuwa huko akipanga sahani. Alipoelezwa, uso ulimshuka hadi nikamhurumia. "Mama, mimi sikujua. Mimi nilifikiria nyama ni nyama."

"Ulichinja vizuri, Barasa. Wenzako watakula washibe." Mama Aziza akakaa kwenye kibao. "Sasa menya viazi. Wee! Si kisu hicho!"

Barasa akakiangusha kile kisu alichochinjia mbuzi kana kwamba kimemng'ata. Tukacheka wote watatu, na kwa dakika chache nilihisi kwamba mambo yameisha, kwamba nimeponea.

Tukapika. Nilikaanga vitunguu, yeye akinitazama kwa jicho la pembeni. Barasa alimenya huku akiongea bila kukoma, akieleza jinsi alivyoamka, jinsi alivyonoa kisu, jinsi alivyoniambia wakati wa chai na mimi nikanyamaza akadhani nimefurahi. Aliyasema hayo yote mbele ya Mama Aziza. Mimi nilikuwa nimeinamia moto, moshi machoni, na sikumtazama mama usoni. Alichosema yeye ni "Punguza kuni."

Baadaye kidogo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Kwamba miaka ya nyuma, tulipokuwa tukiletewa kondoo au mbuzi mzima na wafadhili, yeye alikuwa anamchukua mnyama alfajiri, anamburuta kwa kamba hadi Makina kwa shemeji yake, anachinjwa pale, kisha nyama inarudi shuleni kwa mkokoteni kabla walimu hawajafika. Mara tatu au nne, hakumbuki vizuri.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Hilo haliambiwagi. Ni kama kukuambia osha mchele." Akafikiri kidogo. "Labda ilikuwa makosa yangu pia. Mtu akifanya kitu kimya kimya, wengine wanadhani kinajifanya chenyewe."

Niliwaza sahani zote za pilau nilizokula pale miaka yote hiyo.

Viazi vilikuwa vimeanza kulainika, maji yanataka kuchemka, ndipo tukasikia spika. Kule nyuma sauti hufika ikiwa imevurugika, huelewi maneno, unasikia mdundo tu. Mama Aziza aliinua kichwa. "Wanaimba nini hao?"

Nilidhani ni kwaya ya Gredi ya Tano. Nikatia mchele, nikakoroga mara moja kama alivyonifundisha. Kisha wimbo ukafika mahali watoto wanapopaza sauti wote pamoja, na tukalisikia jina lake.

Wimbo ule Gredi ya Sita waliutunga wenyewe. Wiki tatu tumeufanyia mazoezi baada ya masomo, madirisha yamefungwa ili asisikie. Ndani yake wameweka kila kitu: kijiko kilichopotea, ukoko wanaougombania, siku alipomfunga mwenzao Stacy goti kwa leso yake mwenyewe. Ulipangwa uimbwe mwisho kabisa, yeye akiwa ameketi mbele yao. Lakini mwalimu mkuu aliambiwa ajaze muda. Akajaza kwa kile alichokuwa nacho. Kiti akakiona kiko wazi, akadhani mama ameenda msalani, atarudi wimbo ukiendelea.

Mama Aziza alishika ukuta akainuka. Nikamshika mkono, tukatoka, na magoti yale hayajui haraka. Tulipita darasa la kwanza, la pili, la tatu. Tulipofika kona ya ofisi watu walikuwa wanapiga makofi. Watoto walikuwa wanainama kutoa shukrani, wametazama kiti.

Naye akapiga makofi. Alisimama pale kwenye kona, gurbaba imepata jivu pindoni, akapiga makofi kwa nguvu kama mzazi yeyote. Watoto walipomwona walipiga kelele wakamkimbilia, akawakumbatia wanne wanne. Hawakujua kwamba hakusikia. Walimuuliza, "Ulituskia? Ulituskia?" Akasema nimesikia, nimesikia yote, nani aliwaambia habari za ukoko? Wakacheka hadi wakaanguka. Neno hilo alikuwa ameliokota hapo hapo, kutoka kwa msichana aliyekuwa anamsimulia.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Chakula kilitoka saa nane kasorobo. Nilichukua maiki mwenyewe nikasema mbele ya wote: sufuria mbili hizi zina mbuzi, aliyechinja ni Mzee Barasa, sufuria hii moja haina nyama, kila mtu anaweza kula, kosa ni langu, mimi ndiye niliyepanga. Nilikuwa nimeogopa sana ile mistari miwili ya kuchukua chakula, kwamba nitawagawanya watoto siku ya mwisho. Watoto hawakuiona kama mimi. Walipanga foleni, wakachukua, wakarudi kukaa na wale wale waliokaa nao mwaka mzima, soda na kachumbari katikati. Mama mmoja wa Makina alinitazama kwa muda mrefu, kisha akapeleka sahani yake kwenye njeri. Mwalimu mkuu alikula zote mbili.

Mama Aziza alikula kitini pake. Alikula polepole, akamaliza. Aliniambia imeiva.

Tulimpa blanketi na barua, hotuba zikasomwa, akalia kidogo pale mwalimu mkuu aliposema kwamba kuna wazazi chini ya hema lile ambao nao walikula kwa mkono wake. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli, yeyote uliyemuuliza leo atakuambia ilikuwa siku nzuri kuliko za miaka mingi.

Saa kumi mawingu yakarudi. Nilimbebea mfuko wake hadi getini. Mjukuu wake alikuwa anamsubiri ng'ambo ya barabara. Tulisimama, nami nikaanza tena maneno yangu ya shukrani, maana nikiwa na wasiwasi naongea sana.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mwalimu, chai ya walimu leo ilikuwa saa ngapi?"

Alikuwa anajua. Barasa alikuwa amesema yote huku akimenya viazi. Alikuwa anajua tangu jikoni, alikuwa anajua akila njeri yangu, alikuwa anajua alipokuwa akiniambia imeiva.

"Saa tatu, Mama."

"Saa tatu mchele ulikuwa umeingia?"

"Bado."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ndogo. "Ungeniambia saa tatu," alisema, "tungekuwa tumemaliza mapema. Ningekuwa nimekaa."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alichukua mfuko wake mkononi mwangu, akasema, "Haya mwanangu, likizo njema, salimia nyumbani," akavuka barabara akiwa ameshika bega la mjukuu.

Maji ya beseni yamepoa. Nimekaa hapa nikijaribu kuyaweka mambo kwenye mafungu. Mbuzi ni kosa la kutojua, na hilo amelisamehe kabla sijaomba. Hata alitaka kulibeba nusu. Lakini saa tatu hadi saa sita, hizo ni zangu peke yangu. Nilikuwa nadhani ninamlinda yeye asiharibikiwe na siku. Nilikuwa nalinda daftari langu.

Achieng amenitumia video ya ule wimbo. Nilimwachia simu yangu nyingine arekodi sherehe. Nimeitazama mara mbili. Watoto wameimba vizuri kuliko mazoezi yote, hakuna aliyesahau maneno. Na mbele yao, wakati wote, kuna kiti cha plastiki na pambo la kumetameta juu yake, linachezeshwa na upepo.

Achieng anasema nimtumie mjukuu wa Mama Aziza amwonyeshe, yaishe.

Situmi. Kesho ni Ijumaa. Asubuhi mapema, kabla watu hawajaanza kujiandaa kwa swala, nitashuka Sarang'ombe nipite nyumba hadi nyumba niwatafute Gredi ya Sita, wale ambao hawajasafirishwa bado kwenda kwa nyanya zao. Hata nikipata watano. Tutakwenda Makina tuimbe mlangoni kwake, wimbo mzima, yeye akiwa amekaa.

Na kabla hawajaanza, nitasema mbele yao nilijua saa ngapi. Nao wana haki ya kujua, maana walimwimbia yule mama wakidhani anasikia.